Mzee Stevenson na Ukuta Uliohama

Wenzangu bwenini hunicheka: mtu wa Mvumi, Kilosa, bahari kaiona ukubwani, eti mradi wake wa mwaka wa mwisho ni ukuta wa kuzuia mawimbi! Lakini sisi wa Kilosa ubabe wa maji tunaujua. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalibomoa tuta la Mto Mkondoa na kuharibu reli ya kati.

Aliyenivuta ni Thomas Stevenson. Mwanawe, Robert Louis, ndiye aliyetunga hadithi tunayoijua kama Kisiwa chenye Hazina. Baba alikuwa mhandisi, mzaliwa wa Edinburgh, Uskochi, mwaka 1818, kwenye ukoo wa wajenzi wa minara ya taa.

Enzi zile nguvu ya wimbi ilikuwa ya kukisia tu. Stevenson akabuni kifaa: bamba la chuma lenye springi, limefungwa mwambani. Wimbi likilisukuma, alama inabaki kuonyesha lilikofika. Machi 1845, kwenye miamba ya Skerryvore, kilisoma karibu tani 30 kwa kila mita ya mraba.

Basi ungedhani ukuta wa mtu huyu haubomoki. Thubutu! Kule Wick, Desemba 1872, dhoruba ilihamisha ncha ya ukuta wake, tani 1,350 za mawe na zege vilivyofungwa kwa vyuma, ikaenda kama kipande kimoja. Ikawekwa nyingine ya tani 2,600. Mwaka 1877 nayo ikaenda.

Hapo ndipo penye mradi wangu. Kujua ukubwa wa pigo hakutoshi. Ukuta husimama kwa uzito wake na msuguano wa chini, na maji yakiunyanyua, msuguano unapungua. Kwenye kompyuta nagawa pigo moja katika vipande vidogo sana vya sekunde. Kila kipande nauliza: msukumo umeushinda msuguano? Kama ndiyo, ukuta umeteleza kiasi gani? Milimita hizo najumlisha, dhoruba hadi dhoruba.

Mzee hakuficha aibu yake. Ajali ya 1872 aliieleza mwenyewe katika toleo la 1874 la kitabu chake cha bandari. Alifariki 1887.

Mwezi uliopita modeli yangu ilitoa majibu matamu mno: ukuta hautikisiki. Kumbe niliweka msuguano mkubwa kupita kiasi. Siku ya kuwasilisha imekaribia, nikatamani kunyamaza. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na nyumbani watu wanalala nyuma ya tuta. Nikamwambia msimamizi wangu. Sasa narudia yote.