Mama Kevina, mtawa aliyeacha shule kando ya barabara ya Jinja

Mfanyabiashara anayetoka Malaba au Busia kwenda Kampala hupita Jinja, kisha Lugazi. Karibu na hapo, nje kidogo ya barabara kuu, ipo shule ya wasichana ya Mount St. Mary's Namagunga. Aliyeianzisha mwaka 1942 ni mtawa Mkatoliki, Mother Kevin, ambaye wenyeji walimwita Mama Kevina.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa mwaka 1875 huko Arklow, Ireland. Baba alifariki kabla hajazaliwa, na mama alipofariki Teresa alikuwa na miaka 10. Alilelewa na bibi yake, akasomea ualimu, na mwaka 1895 akajiunga na masista Wafransisko wa Mill Hill, London.

Januari 1903 alifika Uganda na wenzake watano. Siku hizo reli ya kutoka Mombasa iliishia Kisumu. Watu na mizigo ya Uganda walivuka ziwa kwa meli. Masista hao walikaa kilima cha Nsambya, Kampala, ambako walitibu wagonjwa chini ya mwembe na kufundisha wasichana.

Mama Kevina aliona mapema kwamba jengo bila walimu na wauguzi wenyeji halidumu. Mwaka 1921, pamoja na daktari Evelyn Connolly, alianzisha mafunzo ya wauguzi na wakunga Nsambya. Mwaka 1923 akaanzisha shirika la Little Sisters of St. Francis akiwa na wasichana wanane wa Uganda. Leo masista wa shirika hilo wanafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania.

Namagunga ilifungua njia ya sekondari wakati ambapo wasichana wachache sana walifika huko. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Specioza Wandira Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003.

Uzeeni alipelekwa Boston, Marekani, na hata huko aliendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya kazi za Afrika. Alifariki Oktoba 17, 1957. Mwili wake ulirejeshwa Uganda, ukazikwa Nkokonjeru, kusini mwa Lugazi.

Kwa Waganda, jina Kevina lilikuja kumaanisha hospitali, shule au nyumba yoyote ya kusaidia watu. Safari ijayo ukipita Lugazi, utajua nani aliyeanza.