John Boyd Dunlop

John Boyd Dunlop (5 Februari 1840 – 23 Oktoba 1921) alikuwa daktari wa mifugo na mvumbuzi kutoka Uskoti. Anajulikana kwa tairi la upepo la baiskeli.

Maisha

Alizaliwa Dreghorn. Mwaka 1867 alihamia kisiwa cha Ireland na baadaye akafanya kazi Belfast. Mwaka 1887 alitengeneza matairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe. Alipata hataza mwaka 1888, lakini ikabatilishwa, kwa kuwa Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikwisha kusajili wazo hilo mwaka 1845. Dunlop alijitoa katika kampuni iliyobeba jina lake. Alifariki Dublin.

Pancha na mpira wa ndani

Tairi lake la kwanza lilibandikwa kwenye gurudumu, hivyo kuziba pancha kulichukua saa nyingi. Mnamo 1890 na 1891, Charles Kingston Welch na ndugu wa Michelin walileta matairi ya kuvuliwa. Mpira wa ndani ukaweza kutolewa na kutiwa kiraka.

Matairi yasiyo na mpira wa ndani yalienea kwenye magari kuanzia miaka ya 1950. Yakichomwa na msumari, kwa kawaida upepo hutoka polepole. Hata hivyo, yanahitaji rimu isiyovuja. Rimu za vespa za zamani huunganishwa vipande viwili kwa nati, na upepo hupenya katikati. Mwenye vespa kama hiyo, awe Jang'ombe, Unguja, au kwingineko, atafute rimu nyingine. La sivyo aendelee kutia viraka.