Luigi wa Abruzzi na Theluji ya Ruwenzori

Mtoto wa Musienene akishika njia ya kaskazini, akapita Butembo na kufika Beni, na atazame upande wa mashariki asubuhi na mapema. Siku nyingi hataona kitu ila mawingu. Lakini siku ambayo mbingu ni safi ataona milima mirefu sana, na juu yake weupe unaong'aa kama unga uliomwagwa juani. Hiyo ndiyo milima ya Ruwenzori. Ule weupe ni theluji na barafu, yaani maji yaliyogandishwa na baridi kali. Wakonjo, ambao ni ndugu za Wanande kwa lugha na kwa ukoo, huiita nzururu.

Kwa miaka mingi watu wa Ulaya hawakusadiki kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, mahali penye jua kali. Wasafiri wengine walipita karibu na milima hiyo wasiione, kwa sababu mawingu yaliifunika. Tarehe 24 Mei 1888, Stanley, yule aliyeitwa Bula Matari, aliiona theluji hiyo kwa macho yake. Baada yake walikuja watu wengine. Walipanda kidogo, wakashindwa na mvua, matope na ukungu, wakarudi. Hata mwaka 1906 ulipoanza, hapakuwa na habari ya mtu yeyote aliyefika kwenye kilele kilicho kirefu kuliko vyote. Mwaka huo huo alikuja mwana wa mfalme kutoka Italia. Hii ndiyo habari yake.

Utoto wake

Jina lake lilikuwa Luigi Amedeo wa Savoia. Alizaliwa Madrid, mji mkuu wa Hispania, tarehe 29 Januari 1873. Babu yake, Vittorio Emanuele wa Pili, alikuwa mfalme wa Italia. Baba yake, Amedeo, alikuwa mfalme wa Hispania wakati ule, lakini Wahispania waligombana sana wao kwa wao, naye akachoka. Luigi alipokuwa mtoto wa wiki mbili tu, baba yake aliacha ufalme, akarudi Italia pamoja na jamaa yake yote. Mama yake alikufa Luigi akiwa bado mdogo.

Luigi hakulelewa kwa kukaa kitako na kutumikiwa. Tangu utoto alitiwa katika kazi ya askari wa bahari. Huko alijifunza kutii kwanza, kisha kuamuru. Baadaye alipewa cheo cha heshima, akaitwa Duke wa Abruzzi. Abruzzi ni nchi ya milima katika Italia.

Alipokuwa hana kazi melini, alipenda kwenda milimani. Katika mpaka wa Italia na nchi za jirani kuna milima iitwayo Alpi, yenye theluji mwaka mzima. Chini ya milima hiyo kuna kijiji kiitwacho Courmayeur. Wanaume wengi wa kijiji hicho walikuwa viongozi wa mlima. Kazi yao ni kuwatangulia wageni, kukata ngazi katika barafu kwa shoka, na kujifunga kamba moja pamoja nao. Mmoja akiteleza, wenzake humzuia. Mmoja akiwa mzembe, huwavuta wote shimoni. Kwa hiyo katika kamba hakuna mkubwa wala mdogo. Luigi alijifunza kwa watu hao. Mmoja wao, Joseph Petigax, alifuatana naye miaka mingi katika safari zake kubwa.

Alaska na nchi ya barafu

Mwaka 1897 Luigi alivuka bahari, akaenda Alaska, upande wa kaskazini wa Amerika. Huko kuna mlima uitwao Saint Elias, wenye mita 5,489. Walitembea siku nyingi juu ya barafu, wakivuta vyombo na vyakula vyao. Tarehe 31 Julai walifika juu, nao walikuwa watu wa kwanza kukanyaga kilele hicho. Luigi alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka 1899 alifanya safari nyingine iliyokuwa ngumu zaidi. Alitaka kufika Ncha ya Kaskazini ya dunia, mahali ambapo bahari yenyewe imeganda. Alipanda meli iitwayo Stella Polare, maana yake ni Nyota ya Kaskazini. Barafu iliibana meli na kuiharibu, ikawabidi kukaa huko katika giza la miezi mingi. Baridi iliingia katika mkono wa Luigi, vidole viwili vikaoza, vikakatwa ncha zake. Basi yeye mwenyewe hakuweza tena kuendelea. Alimpa rafiki yake Umberto Cagni amri ya safari. Tarehe 25 Aprili 1900 Cagni alifika mahali ambapo hakuna mtu aliyejulikana kufika kabla yake, lakini Ncha yenyewe hakuiona. Watu watatu walipotea katika barafu, wala hawakuonekana tena. Mmoja wao alikuwa kiongozi wa Courmayeur. Tangu siku zile Luigi alijua kwamba sifa ya safari inaweza kununuliwa kwa uhai wa watu.

Ruwenzori

Mwezi wa Aprili 1906 Luigi aliondoka Napoli kwa meli. Alifuatana na Cagni, na mganga, na mtu wa kuchunguza mawe, na Vittorio Sella aliyekuwa fundi hodari wa kupiga picha. Tena alichukua viongozi wa Courmayeur: Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Walishuka Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Ziwa la Viktoria, wakavuka ziwa kwa meli mpaka Entebbe. Kutoka hapo walikwenda kwa miguu pamoja na mamia ya wapagazi. Walipita Fort Portal, wakaingia katika bonde la mto Mobuku.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mvua ilinyesha karibu kila siku. Chini kulikuwa na msitu mzito, kisha mianzi, kisha miti ya ajabu iliyovikwa kuvu kama manyoya. Watu walizama katika matope hata magotini. Kadiri walivyopanda, baridi ilizidi. Wapagazi waliotoka nchi ya joto karibu na ziwa hawakuizoea baridi ile.

Wakonjo ndio waliochukua mizigo mpaka juu. Hawakuwa na viatu vya misumari wala nguo za sufu kama Wazungu. Walikwenda miguu mitupu juu ya mawe yenye umande na maji. Walijua njia za wawindaji, na wapi pana pango la kulala, na jinsi ya kuwasha moto kwa kuni mbichi. Kambi kubwa ilifanywa Bujongolo, chini ya mwamba mkubwa, karibu mita 3,800 juu ya bahari. Bila Wakonjo, vyakula visingefika Bujongolo, na bila vyakula Luigi asingefika popote.

Tarehe 10 Juni Luigi alipanda mlima ulio karibu na kambi, uitwao Baker. Alipofika juu, ukungu ulifunguka kidogo. Akaona kwamba upande wa magharibi kuna vilele viwili virefu zaidi, juu ya mlima mwingine. Kama angekuwa mtu wa majivuno, angerudi Italia na kusema kwamba amemaliza. Lakini alihamisha hema zake, akazunguka, akaanza upya.

Tarehe 18 Juni 1906, asubuhi na mapema, Luigi na viongozi wake watatu walijifunga kamba. Walipanda kwanza kilele kimoja, ambacho alikiita Alexandra, jina la malkia wa Uingereza. Kisha walishuka kidogo katika ukungu na kuelekea kilele cha pili. Karibu na juu kabisa walikuta ukuta wa barafu uliosimama wima, tena umeinama mbele kama paa la nyumba. Hapakuwa na njia nyingine. Ollier alikaza miguu yake katika barafu, akashika imara. Petigax akampanda mabegani kwa viatu vyake vya misumari, akakata barafu juu yake, akajivuta hata akapita. Kisha akawavuta wenzake kwa kamba, mmoja mmoja.

Mara walitoka katika ukungu, wakajikuta katika mwangaza wa jua. Mawingu yalikuwa chini ya miguu yao kama bahari nyeupe. Hawakuona mahali popote pa juu zaidi. Luigi akakiita kilele hicho Margherita, jina la malkia wa Italia. Alisimamisha hapo bendera ndogo ambayo malkia huyo alikuwa amempa. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Leo mpaka wa Kongo na Uganda unapita hapo juu.

Siku zilizofuata Luigi na wenzake walipanda vilele vingine vingi, wakapima, wakachora ramani, na Sella akapiga picha. Luigi alitoa majina kwa milima: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Mlima mmoja alitaka uitwe Thomson, jina la msafiri wa zamani, lakini wenye elimu wa London waliomba uitwe Luigi wa Savoia. Vilele vilipata majina ya wafalme, malkia na wasafiri. Katika majina yale aliyoyatoa, hamna hata moja la Mkonjo. Hata hivyo atakayeihesabu safari hiyo kwa haki, lazima awahesabu na wale waliochukua mizigo.

Mlima wa K2

Mwaka 1909 Luigi alikwenda Asia, katika milima ya Karakoram, jirani ya Himalaya. Huko kuna mlima uitwao K2, wenye mita 8,611. Katika dunia yote, Everest peke yake unaushinda kwa urefu. Mtu akiuweka Ruwenzori juu ya Nyiragongo wa Goma, bado hataufikia huo K2, ingawa atapungukiwa kidogo tu.

Petigax na watu wengine wa Courmayeur walikwenda pamoja naye, na wapagazi wa nchi ile, waitwao Wabalti, walichukua mizigo juu ya barafu kwa siku nyingi. Walijaribu upande wa kusini mashariki wa K2. Wakapita mita 6,000, lakini mwamba ulikuwa mkali mno, wapagazi hawakuweza kupandisha hema na vyakula. Luigi akaamuru kurudi.

Kisha walijaribu mlima mwingine, Chogolisa. Tarehe 18 Julai walifika karibu mita 7,500. Hakuna aliyejulikana kupanda juu hivyo kabla yao. Zilibaki mita 150 hivi tu. Lakini ukungu uliwafunika, na theluji ya ukingoni ilikuwa tayari kuporomoka. Walikaa wakangoja ukungu uondoke, wala haukuondoka. Luigi aliwatazama wenzake waliofungwa naye kamba moja. Wote walikuwa na nyumba zao Courmayeur. Akageuka, akashuka pamoja nao. Kilele hakukipata, lakini watu wake aliwarudisha wazima.

Njia aliyoijaribu katika K2 haikusahauliwa. Tarehe 31 Julai 1954, Waitalia wawili, Achille Compagnoni na Lino Lacedelli, walifika juu ya K2 kwa kufuata njia hiyo. Hata leo huitwa njia ya Abruzzi.

Mwisho wa maisha yake

Vita kuu ya kwanza ilipotokea, Luigi alikuwa mkubwa wa manowari za Italia katika bahari ya Adriatiki. Wakati wa baridi, mwishoni mwa mwaka 1915 na mwanzoni mwa 1916, manowari na meli zilivusha maelfu ya askari wa Serbia waliokuwa wakikimbia adui, wenye njaa na magonjwa.

Baada ya vita alirudi Afrika, katika nchi ya Somalia, ambayo wakati ule ilitawaliwa na Italia. Mwaka 1920 alianzisha shamba kubwa na kijiji kando ya mto Shebelle. Walichimba mifereji, wakapanda pamba, miwa na migomba. Katika miaka 1928 na 1929, akiwa mtu wa miaka 55 na zaidi, alisafiri tena kwa miguu katika Ethiopia, akaufuata mto huo mpaka chemchemi yake.

Kisha akashikwa na ugonjwa usio na dawa. Angeweza kukaa Italia katika nyumba ya kifalme, lakini alitaka kurudi Somalia. Alikufa katika kijiji chake tarehe 18 Machi 1933, akazikwa huko huko. Mji ule leo unaitwa Jowhar.

Ruwenzori bado inasimama, lakini weupe wake si kama wa mwaka 1906. Dunia imezidi kupata joto, na sehemu kubwa ya barafu aliyoikanyaga Luigi imeyeyuka. Picha za Sella zinaonyesha jinsi ilivyokuwa. Siku ile ya mwezi wa Juni watu wanne walisimama juu ya Margherita, lakini walipandishwa na mamia. Mtu hafiki juu peke yake. Na mwenye akili hujua siku ya kupanda, tena hujua siku ya kurudi.

Maulizo

1. Kwa sababu gani wasafiri wengine walipita karibu na Ruwenzori wasiione theluji?
2. Kazi ya kiongozi wa mlima ni nini? Kamba yamfaa nini?
3. Wakonjo walifanya kazi gani katika safari ya mwaka 1906?
4. Eleza jinsi Petigax alivyopita ukuta wa barafu.
5. Luigi alirudi kutoka Chogolisa bila kufika juu. Je, alishindwa? Toa sababu zako.