Aldo Leopold: Aliyeua mbwa mwitu, kisha akatumia maisha yake kuwarudishia wanyama makao

Mwaka 1935, profesa mmoja nchini Marekani alinunua shamba ambalo watu walishalikatia tamaa. Ekari 80 za mchanga uliochoka kando ya mto Wisconsin. Nyumba ilishaungua. Jengo pekee lililobaki lilikuwa banda la kuku lililojaa samadi.

Profesa huyo ni Aldo Leopold, na shamba hilo leo linajulikana duniani kote kwa wanaohifadhi wanyamapori.

Leopold alizaliwa Januari 11, 1887 mjini Burlington, jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa mwindaji, na ndiye aliyemzoesha pori tangu utotoni. Alisomea misitu Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1909 akaajiriwa na Idara ya Misitu ya serikali, akapangiwa kazi Arizona na New Mexico.

Bunduki mkononi

Enzi hizo hesabu ilikuwa rahisi: ukiua mbwa mwitu, swala wataongezeka na wawindaji watafurahi. Leopold naye aliamini hivyo. Siku moja milimani, yeye na wenzake walimfyatulia risasi mbwa mwitu jike aliyekuwa na watoto wake. Alimkaribia na kuyaona macho yake yakizimika.

Hakubadilika siku ileile. Kwa miaka kadhaa aliendelea kupigania wanyama wawindao watokomezwe. Lakini taratibu akaona matokeo: mbwa mwitu walipokwisha, swala walizidi kupita kiasi, wakala vichaka na miche mpaka mlima ukabaki mtupu, kisha wenyewe wakafa kwa njaa. Kumbe aliyekuwa akiharibu makao ya swala ni yule aliyedhani anawasaidia. Kisa hicho alikiandika mwaka 1944, miaka 35 hivi baada ya risasi ile.

Si kupanda miti tu

Mwaka 1933, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilimfanya profesa wa usimamizi wa wanyamapori. Jimbo hilo lilikuwa limeumia. Mbuga za nyasi ndefu zilikuwa zimelimwa karibu zote, na vinamasi vimekaushwa ili vilimwe. Korongo wa kijivu, ndege warefu wanaozalia kwenye vinamasi, walikuwa wamebaki wachache sana.

Sheria ilishakataza kuwawinda. Lakini ndege asiye na pa kutagia, sheria peke yake itamsaidia nini?

Hapo ndipo ilipokuwa hoja ya Leopold: mnyama hulindwa pamoja na mimea anayoitegemea, na mimea hiyo ikishatoweka, inaweza kurudishwa. Katika hifadhi ya mimea ya chuo mjini Madison, yeye na wenzake walichukua shamba lililoachwa na kuanza kupanda tena nyasi na maua ya asili. Sehemu kubwa ya kazi ya mikono ilifanywa na vijana walioajiriwa na serikali wakati wa mdororo wa uchumi. Baadaye watafiti wakagundua kuwa mbuga ile inahitaji pia kuchomwa moto kwa mpangilio, la sivyo majani ya kigeni huifunika.

Mwaka huohuo wa 1935 alizuru Ujerumani. Aliona misitu iliyopandwa kwa mistari, ya aina moja ya mti, na chini yake karibu hakuna kitu. Ilikuwa na miti mingi lakini uhai kidogo.

Familia na sepetu

Kule shambani, Leopold, mkewe Estella na watoto wao watano waligeuza banda la kuku kuwa kibanda cha wikendi. Kila masika walipanda misonobari, vichaka na maua ya asili. Miche ya mwanzo iliuawa na ukame karibu yote. Wakapanda tena mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka ikafika makumi ya maelfu.

Aprili 21, 1948, moto ulizuka kwenye shamba la jirani. Leopold alikwenda kusaidia kuuzima, akapata mshtuko wa moyo na kufariki. Alikuwa na miaka 61. Wiki moja tu kabla, alikuwa amepata habari kwamba kitabu chake kimekubaliwa na mchapishaji. Kilitoka mwaka 1949, A Sand County Almanac, na mpaka leo kinasomwa.

Misonobari yake ilikua mpaka ikahitaji kupunguzwa, na mbao zake zikajenga kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 2007 karibu na kibanda kile.

Nao korongo walirudi, kwa msaada wa ulinzi wa kisheria na vinamasi vilivyohifadhiwa. Shirika la kimataifa la kuwalinda, lililoanzishwa mwaka 1973, lina makao yake Baraboo, si mbali na shamba hilo, na leo linafanya kazi hadi Uganda na Kenya kumlinda korongo taji, ambaye naye vinamasi vyake vinageuzwa mashamba.

Kila vuli, maelfu ya korongo hutua jioni kwenye mchanga wa mto Wisconsin, jirani na banda lile la kuku.