Sarazen, mbishi aliyefundishwa na nyasi

SHABIKI wa soka unaijua ile chopu. Kipa katoka golini, mabeki wamebana, uwanja mzima unasubiri shuti la kuchana nyavu. Halafu jamaa anaingiza mguu chini ya mpira, kidogo tu. Mpira unapanda, unampita kipa juu ya kichwa, unadondoka taratibu wavuni. Kipa anabaki ameshika kiuno.

Kwenye gofu nako kuna chopu, na ni ngumu kuliko hiyo ya kwetu. Mpira umezama kwenye nyasi nene, unauona nusu. Mbele yako kuna bunka, yaani shimo la mchanga. Ng'ambo ya bunka ndiyo kuna grini, ile sehemu ya nyasi fupi kama zulia yenye kishimo na bendera. Ukipiga kwa hasira, mpira unavuka grini yote na kupotelea upande wa pili. Ukipiga kwa woga, unabaki palepale. Inabidi uupandishe juu sana, halafu utue laini bila kubingirika mbali.

Leo kila mcheza gofu, awe Lugalo au Muthaiga, anatembea na fimbo ya kazi hiyo kwenye begi lake. Mtu aliyeifanya fimbo hiyo ienee duniani ni Gene Sarazen, Mmarekani aliyefariki mwaka 1999. Lakini kabla hajaipata, nyasi zilimpa kombe moja na kumnyima jingine. Hilo la pili alinyimwa kwa sababu ya ubishi wake mwenyewe.

Alizaliwa Februari 27, 1902 katika mji wa Harrison, jimbo la New York. Jina lake la kuzaliwa ni Eugenio Saraceni, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Baba yake alikuwa fundi seremala, maisha yalikuwa ya kuungaunga, na dogo akaanza mapema kutafuta senti kwenye viwanja vya gofu. Alikuwa kedi, yule anayembebea mchezaji begi la fimbo. Mchezo wenyewe alijifunza kwa macho. Hakuwa na kocha wala ada ya klabu.

Mzee alitaka mwanawe ashike randa na msumeno kama yeye. Homa kali ya mapafu ikaamua vingine. Kijana aliugua nusura afe, na alipopona madaktari wakamshauri atafute kazi ya nje kwenye hewa safi, si ya kushinda ndani na vumbi la mbao. Kwake kazi ya nje ilikuwa moja tu. Hata jina alilibadilisha kwa ajili ya gofu. Alipoliona limeandikwa gazetini, aliona Saraceni linafaa kwa mpiga fidla, akajiita Sarazen.

Alikuwa mfupi, futi tano na inchi tano, lakini alijiamini kama straika mwenye mabao 20 msimu huu. Mwaka 1922, akiwa na miaka 20 tu, alishinda US Open kwenye uwanja wa Skokie, karibu na Chicago. Alimaliza raundi ya mwisho kwa mikwaju 68 na kumpita Bobby Jones kwa mkwaju mmoja. Mwaka huohuo akachukua ubingwa wa PGA.

Mwaka 1923 akarudi kuutetea ubingwa huo wa PGA huko Pelham, New York. Enzi hizo PGA ilichezwa kwa mtoano, mtu kwa mtu. Fainali ilimkutanisha na Walter Hagen, staa mkubwa kuliko wote wakati huo. Mashimo 36 yakaisha sare, ikawa nani atatangulia kushinda shimo. Kwenye shimo la 38 mpira wa kwanza wa Sarazen ukapinda kushoto na kuingia kwenye nyasi nene, karibu kabisa na mpaka wa uwanja. Watu wakajua kwisha habari yake. Jamaa akaupiga kutoka kwenye hizo nyasi, ukaenda kukaa kama futi mbili kutoka kwenye shimo. Hagen hakuwa na jibu. Ubingwa ukabaki kwa Sarazen.

Pigo lile lilimpa kombe, ila lilimwachia ugonjwa. Tangu hapo alijiona hakuna nyasi ya kumshinda.

Bili ya ugonjwa huo ililetwa mwaka 1928 kwenye British Open, uwanja wa Royal St George's, mjini Sandwich, Uingereza. Hagen, ambaye sasa alikuwa rafiki yake, alimwachia Sarazen kedi wake, mzee aliyeitwa Skip Daniels. Mzee Daniels aliijua Sandwich kama unavyoijua njia ya kwenda kwenu. Alijua upepo unageukia wapi na mpira ukianguka wapi hautoki.

Raundi ya pili, shimo la 14. Wachezaji wanaliita Mfereji wa Suez kwa sababu linakatizwa na mkondo wa maji. Sarazen akapiga mpira wa kwanza, ukazama kwenye nyasi. Mzee Daniels akamkabidhi fimbo ya chuma, akimshauri autoe mpira kwanza, aurudishe njiani, halafu safari iendelee. Sarazen akakataa. Alitaka fimbo ya mbao, ile ya kupigia mbali, ili autoe na kuuvusha maji kwa mpigo mmoja.

Hapa shabiki elewa kidogo kinachotokea. Nyasi nene zinaingia kati ya uso wa fimbo na mpira, nyingine zinaisokota shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake pembeni. Fimbo ya mbao ina uso uliosimama na kichwa kinene, kwa hiyo inazisukuma nyasi badala ya kuzikata. Nguvu zako zote zinaishia kwenye majani. Ndicho kilichotokea. Mpira ulisogea kama yadi 20 na ukabaki mlemle kwenye nyasi. Kwa hasira akaupiga tena. Shimo lile likamgharimu mikwaju saba.

Mashindano yalipoisha, Hagen alikuwa na mikwaju 292, Sarazen 294. Tofauti ni mikwaju miwili, na hakuhitaji kutafuta mbali kujua ilipotelea wapi. Mzee Daniels hakumsema. Wakaagana kwa ahadi kwamba siku moja watarudi kulichukua kombe hilo pamoja.

Miaka ikapita bila taji jingine kubwa. Kilichomtesa zaidi ilikuwa mipira mifupi, hasa ya kwenye bunka. Fimbo ya kazi hiyo wakati huo, waliyoiita nibliki, ilikuwa na ukingo mwembamba chini. Ukiishusha mchangani inazama kama jembe na kukwama. Ujanja ulishajaribiwa. Kulikuwa na fimbo yenye uso wa kubonyea kama kijiko, lakini mwaka 1931 wenye sheria wakaipiga marufuku.

Jibu la Sarazen lilitokea angani. Alikuwa amepanda ndege na Howard Hughes, tajiri maarufu aliyependa kurusha ndege. Akaona kitu: sehemu ya mkiani ikishuka, pua ya ndege inapanda. Akajiuliza kama fimbo nayo inaweza kufanya hivyo. Mtoto wa seremala akarudi kwenye mikono ya ukoo. Huko Florida alichukua nibliki na kuyeyushia risasi chini yake, akaisugua, akaijaribu mchangani, akaongeza, akapunguza, akaijaribu tena kwa saa nyingi. Alitaka sehemu ya nyuma ya kitako cha fimbo iwe chini kuliko makali ya mbele.

Matokeo yake ni hivi: jembe likageuka mtumbwi. Badala ya kuchimba, fimbo ikateleza. Mchezaji anaulaza uso wa fimbo uangalie juu, anapiga nyuma ya mpira, fimbo inapita chini yake na mpira unapanda wenyewe. Kilichoanzia mchangani kikafaa nyasini pia. Uzito ule wa chini unaipitisha fimbo kwenye majani bila kusimama, na kitako kile hakiiachi izame. Huhitaji kuunyanyua mpira kwa mabega. Unazungusha fimbo kwa utulivu, humalizi safari njiani, mpira unapaa na kutua laini. Ukiufukuza kwa nguvu kama Sarazen wa 1928, unajua mwisho wake.

Mwaka 1932 akavuka bahari na silaha yake mpya. British Open ilichezwa Prince's, uwanja uliopakana na ule wa Sandwich aliolia miaka minne nyuma. Hofu yake ni kwamba wakubwa wakiiona hiyo fimbo kabla mashindano hayajaanza wataifungia. Basi aliiweka kwenye begi kichwa kikiwa chini na mshikio juu, na jioni aliondoka nayo ameificha ndani ya koti.

Kulikuwa na suala jingine gumu. Mzee Daniels alikuwepo, anasubiri ahadi yake, lakini amechoka na macho yameanza kumtupa. Watu walimshauri Sarazen asichezee kombe kwa huruma, achukue kedi kijana. Akawasikiliza. Na mazoezi yakaenda hovyo: hakuelewana na kedi mpya, mipira haikutii. Mzee aliporudi kumjulia hali, Sarazen aliona aibu, akampa begi.

Safari hii hakukuwa na ubishi. Mzee alitoa fimbo, mchezaji akapiga. Sarazen akashinda kwa mikwaju 283, rekodi ya mashindano hayo wakati huo, akimwacha Macdonald Smith kwa mikwaju mitano. Kabla hajaondoka Uingereza alivua koti lake zuri akampa Mzee Daniels, wakapanga kukutana mwaka unaofuata St Andrews. Hawakukutana. Miezi michache baadaye yule mzee alifariki, na hadi siku zake za mwisho alikuwa akilivaa lile koti.

Wiki chache baada ya Prince's, Sarazen aliongeza US Open huko Fresh Meadow, New York, akimaliza mashimo 28 ya mwisho kwa mikwaju 100. Mwaka 1933 huko St Andrews alijisahau. Fimbo ya maajabu anayo, ila alipoteza mikwaju kibao kwenye bunka ambalo wenyeji wanaliita Jehanamu, akakosa nafasi ya kuwania taji kwa mkwaju mmoja. Fimbo anayo, mzee wa kumtuliza hayupo.

Pigo lake maarufu kuliko yote wala halikuwa chopu. Masters ya 1935, Augusta, zikiwa zimebaki hatua za mwisho, alikuwa nyuma ya Craig Wood kwa mikwaju mitatu. Kwenye shimo la 15 akaupiga mpira kutoka yadi 235, ukaingia moja kwa moja. Mikwaju mitatu imefutwa kwa pigo moja! Kesho yake wakarudiana kwa mashimo 36, Sarazen akashinda kwa mikwaju mitano. Hivyo akawa mtu wa kwanza kuwahi kushinda mataji yote manne makubwa ya gofu. Hadi leo waliofika hapo ni sita tu, wa mwisho akiwa Rory McIlroy mwaka 2025.

Kampuni ya Wilson ilianza kuuza fimbo yake ya mchangani mwaka 1933, na yeye akabaki na mkataba wa kampuni hiyo hadi uzeeni. Mwaka 1973, akiwa na miaka 71, alialikwa kwenye British Open huko Troon, kulekule alikoshindwa hata kufuzu mwaka 1923. Kwenye shimo fupi la nane aliingiza kwa mkwaju mmoja. Kesho yake, shimo lilelile, mpira ukaangukia kwenye bunka. Mzee akashuka mchangani, akaulaza uso wa fimbo, na mpira ukatoka ukaingia shimoni. Siku mbili, mikwaju mitatu.

Kila mwaka aliendelea kwenda Augusta kupiga mpira wa heshima wa kufungua Masters, hadi Aprili 1999. Mwezi uliofuata, Mei 13, alifariki huko Naples, Florida, akiwa na miaka 97.

Kwa hiyo siku ukikutana na gofu kwenye runinga ukisubiri mechi ya jioni, usibadilishe chaneli haraka. Subiri mmoja azame kwenye nyasi. Utamwona anaangalia fimbo ndefu, halafu anamgeukia kedi wake. Mwangalie anachukua fimbo gani.