Daktari aliyeacha jina kwenye majibu ya mkojo

Ukikuta majibu ya mkojo wa mwanao yameandikwa E. coli, hiyo E ni ya mtu: Theodor Escherich, daktari wa watoto aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1857.

Akiwa Munich alichunguza kinyesi cha watoto wachanga, kazi ambayo wengi wangeikwepa, na mwaka 1885 akamweleza bakteria aliyemkuta humo. Utumboni kwa kawaida hana madhara. Lakini mwaka 1894, akiwa Graz nchini Austria, Escherich alieleza kwamba bakteria huyohuyo huleta maambukizi ya kibofu kwa wasichana wadogo. Ndiyo maana unaambiwa umpanguse binti yako kutoka mbele kwenda nyuma.

Baadaye alihamia Vienna, akahimiza akina mama wanyonyeshe. Alifariki mwaka 1911, na bakteria akapewa jina lake mwaka 1919.

Escherich hakuwa na antibiotiki hata moja. Wewe unazo, ila E. coli wengi siku hizi hawasikii amoksilini, hasa ile uliyobakiza kabatini. Mtoto akiwa na homa usiyojua chanzo chake, au akilia anapokojoa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Omba mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, uoteshwe. Dawa itaanza bila kungoja. Maabara hujaribu dawa mbalimbali juu ya bakteria walioota, na baada ya siku mbili tatu daktari anajua ipi inawaua. Akibadilisha dawa hapo katikati, usishtuke.