Maisha ya John Lawson, Baharia Shujaa

Muhula uliopita timu yetu ya mpira ilipocheza na wageni, mimi sikuchaguliwa. Nilipewa kazi ya kuwatekea maji wachezaji, nami nikanung'unika sana. Baadaye nilisoma habari za baharia mmoja mweusi wa Marekani, nikaona haya. Nataka kuwasimulieni habari zake kwa ufupi.

John Lawson alizaliwa mwaka 1837 katika mji wa Philadelphia. Siku zile mamilioni ya watu weusi walikuwa watumwa katika majimbo ya kusini. Majimbo hayo yakajitenga, na mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Lawson alijiunga na manowari za upande wa kaskazini. Cheo chake kilikuwa cha chini, cha mtu asiyezoea bado kazi za baharini.

Tarehe 5 Agosti, 1864, Admirali David Farragut aliongoza manowari 18 kuingia katika ghuba ya Mobile, pwani ya Alabama. Mlangoni palikuwa na ngome yenye mizinga mingi, na majini adui alikuwa ametega mabomu. Manowari ya chuma iitwayo Tecumseh iligonga bomu moja, ikazama upesi pamoja na mabaharia zaidi ya 90. Hapo Hartford, manowari ya Farragut mwenyewe, ikashika mbele.

Lawson alikuwa ndani ya Hartford, lakini hakupewa mzinga. Yeye na wenzake watano walikuwa sitaha ya chini, wakipandisha risasi na baruti kwa wapiga mizinga waliokuwa juu. Mara kombora likatoboa chombo, likawapiga wote sita. Waliokufa wakafa, waliosalia wakajeruhiwa. Lawson aliumia mguu, akatupwa kwa nguvu ubavuni mwa chombo. Alipopata fahamu aliambiwa aende kutibiwa, akakataa. Alirudi mahali pake pale pale, akaendelea na kazi mpaka mapigano yakaisha. Siku hiyo watu wa kaskazini walishinda.

Tarehe 31 Desemba, 1864, Lawson alipewa Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo kubwa kupita zote za ushujaa Marekani. Mwaka uliofuata vita vilikwisha, na utumwa ukapigwa marufuku katika nchi yote. Lawson alifariki mwaka 1919, akazikwa Lawnside, New Jersey.

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mguu wa Lawson uliumia, lakini moyo wake haukufa. Tena, mzinga usioletewa baruti ni chuma tupu, hata mpigaji wake akiwa hodari namna gani. Basi, ndugu zangu, nikipewa tena ndoo ya maji, nitaibeba bila kunung'unika.